Mwendesha Winchi Aliyekataa Visanduku Viwili

Saa saba na dakika ishirini mchana, Jumanne ya tarehe 12 Machi 2024, mwendesha winchi wa karakana ya vyuma alipuliza kipimo cha pombe langoni, kikasoma 0.07, miligramu za pombe kwa lita ya pumzi. Mlinzi aliiandika namba hiyo katika daftari la lango, ukurasa wa mia moja na nane, mstari wa tano kutoka juu. Mistari minne iliyo juu yake yote ni sifuri. Kumi na saba iliyo chini yake ni sifuri pia.

Mwendesha winchi huyo ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja. Kazini anaitwa Kulabu, kwa sababu ya ile ndoano kubwa ya chuma inayoning'inia chini ya kibanda chake. Alianza kama karani wa mizani, akajifunza winchi katika saa za mapumziko wenzake walipokwenda kula, na sasa ana miaka kumi na saba juu ya ngazi arobaini na nane. Kutoka huko juu anainua mihimili ya madaraja na kuilaza juu ya meza za kukatia bila kikombe cha chai kilichoachwa mezani kutikisika. Hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Hilo hata wasiompenda hawalibishi, na wapo, kwa sababu mdomo wake hauna breki.

Kipimo cha langoni kililetwa kwa kelele zake mwenyewe. Agosti 2018 mwendesha winchi wa zamu nyingine alishusha muhimili wa tani mbili juu ya mguu wa kushoto wa mfunga minyororo. Mfunga minyororo ndiye anayesimama chini, anayeufunga mzigo na kumwongoza mtu wa juu kwa ishara. Huyu anaitwa Kidole, kwa kuwa katika kelele za misumeno hutumia kidole kimoja tu cha shahada, naye Kulabu hukisoma kama maandishi. Siku ile Kidole alipoteza vidole vitatu vya mguu. Mwendesha winchi yule alikuwa amelewa.

"Nilijua anakunywa," Kulabu anasema. "Sote tulijua. Tulisema ni mtu mwema, ana watoto, ana matatizo. Tukamtafutia maelezo kila siku, mpaka maelezo yakamwangukia Kidole."

Basi alipoingia kwenye kamati ya usalama aliandika, pamoja na wenzake watatu, ukurasa mmoja wenye kanuni kumi. Kila mtu apulize, meneja pia. Kanuni ya pili: sifuri ni sifuri. Kanuni ya saba: maelezo hayapokelewi langoni. Anayepatikana na zaidi ya sifuri hupewa fomu yenye visanduku viwili, "Nimetumia kilevi" na "Kipimo kina hitilafu." Ana siku kumi na nne za kutia alama kimoja na kusaini. Akitia cha kwanza, anashushwa kwenye winchi na hapandi tena. Asiposaini, anaondoka kazini. Kwa miaka mitano na ushee fomu hiyo ilijazwa mara tatu, na mara zote tatu Kulabu ndiye aliyemkabidhi kalamu mhusika.

Mwezi Novemba 2023 alipata uvimbe kwenye titi. Walimpasua, kisha wakaanza kumtundikia dawa kila baada ya wiki tatu. Ile ya kwanza ilikuwa nyekundu, ikamtapisha, ikamnyoa kichwa. Siku za dawa hiyo alilala nyumbani na ndoo pembeni. Mizunguko minne ikaisha, na likizo yake ya ugonjwa ikaisha nayo.

Tarehe 12 Machi alianza dawa mpya, nyeupe kama maji. Alikaa kwenye kiti cha hospitali kuanzia saa tatu na nusu. Kwanza alichomwa sindano za kuzuia mzio, kisha mfuko ukatundikwa, ukadondoka kwa saa tatu. Alipomaliza, saa saba kasoro robo, hakusikia kichefuchefu. Alisikia wepesi. Nesi alimchomoa sindano akamwambia, "Leo usiendeshe gari, mama."

"Sina gari, mwanangu," Kulabu akajibu, na wote wawili wakacheka.

Akatoka hapo akaenda kazini kwa miguu, mwendo wa nusu saa, kuwahi zamu ya saa nane.

Langoni alikuwa mchangamfu kupita kawaida. Mlinzi anakumbuka kwamba alimtania kuhusu viatu vyake. Kisha akapuliza.

"Mama, puliza tena," mlinzi akasema. "Labda umemumunya pipi."

Alisubiri dakika kumi na tano kama kanuni inavyotaka, akapuliza tena. 0.06. Mlinzi aliiandika pembeni ya ile ya kwanza, mstari uleule.

Kidole alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Aliiona namba kabla mlinzi hajaugeuza mkono.

"Wewe, dada?" akasema.

"Kaka, sijanywa kitu."

"Na yule alisema hivyohivyo." Kidole akavua glovu zake, moja baada ya nyingine, akaziweka mfukoni. "Leo sifungi mnyororo kwa mtu yeyote. Nendeni mkainue kwa mikono."

Kulabu angeweza kusema ana saratani, kwamba ametoka hospitali dakika hiyo, kwamba plasta bado iko mkononi. Alifunga mdomo. Kanuni ya saba aliiandika yeye.

Nyumbani anaishi na dada yake mkubwa, mjane, aliyehamia kwake kumuuguza. Dada mtu alipopata habari hakupiga kelele. Alifunga mlango wa jikoni, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Fanya 'haa'."

"Dada, usinifanye mtoto."

"Haa, nimesema."

Kulabu akafanya. Dada mtu akanusa, akakunja uso, akanusa tena.

"Harufu ya dawa. Na kitunguu. Unakula vitunguu vyangu usiku?"

"Sasa hiyo ndiyo kesi iliyobaki?"

"Hiyo tutaizungumza baadaye. Pombe hakuna. Basi hicho kipimo chao kina wazimu."

Hapo ndipo wengi wangeishia. Kulabu hakuridhika. Kipimo kile anakijua, hupelekwa kukaguliwa kila baada ya miezi sita, na cheti chake kimebandikwa ukutani kwenye kibanda cha mlinzi. Kilimpima mara mbili kikampa majibu yanayokaribiana. Kipimo kibovu hakifanyi hivyo.

Winchi ikikataa kuinua, fundi mzuri haanzi kulaumu mota. Anaanza kwenye kulabu, anapanda juu: mnyororo, waya, pulei, breki, kitu kimoja kimoja, mpaka afike panapokataa. Kulabu alichukua karatasi akafanya hivyohivyo kwa mwili wake. Jumatatu saa nane mchana alipuliza sifuri. Tangu hapo hadi namba ile, nini kilimwingia? Aliandika: chakula cha jioni. Maji. Chai. Mkate vipande viwili. Sindano tatu. Mfuko mmoja. Vyote vya juu alikuwa amevila na kuvinywa maisha yake yote. Sindano alishawahi kuchomwa wakati wa dawa nyekundu, na siku moja, akitoka kuchomwa, alipita langoni kuchukua barua, akapuliza, sifuri. Kalamu ikasimama kwenye mfuko.

Asubuhi ya Jumatano alikuwa kwenye dirisha la famasia ya hospitali.

"Naomba boksi la dawa niliyotundikiwa jana," alisema. "Dawa yenyewe siitaki. Boksi tu."

Mfamasia ni mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alimwangalia, akaenda, akarudi na boksi tupu na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nane. Waliisoma pamoja. Dawa hiyo asili yake ni gome la mti na haiyeyuki kwenye maji. Ili iweze kuingia mshipani huyeyushwa kwanza kwenye mafuta maalumu ya mbono na spiriti. Karibu nusu ya kilichomo kwenye kichupa ni spiriti, ileile ya kwenye bia. Mfamasia alipiga hesabu pembeni ya karatasi kwa kipimo alichopewa Kulabu: gramu ishirini, karibu sawa na pombe iliyomo kwenye chupa ya bia ya nusu lita.

"Kwa hiyo nilikuwa nayo," Kulabu akasema.

"Ulikuwa nayo. Hakuna aliyekwambia?"

"Niliambiwa nisiendeshe gari. Sina gari."

"Kwani unafanya kazi gani?"

"Naendesha winchi ya tani kumi."

Mfamasia akavua miwani. Alifungua faili, akaligeuza ili naye Kulabu aone. Kwenye mstari wa kazi palikuwa na maneno matatu: mama wa nyumbani.

"Nani kaandika hivi?"

"Karani wa mapokezi, nadhani. Hukuulizwa?"

"Mwili wangu wote mmeupiga picha, mpaka mifupa. Kazi yangu hamkuuliza." Akaweka kidole kwenye mstari ule. "Yafute."

Yalifutwa hapohapo, yakaandikwa mengine, na mfamasia akatia saini. Kisha akamwambia jambo ambalo Kulabu hakulipenda: hata pombe isingekuwamo, zile sindano za mzio husinzisha, na siku ya dawa hakupaswa kupanda mahali popote penye hatari. Kulabu alilisikia. Aliomba hilo nalo liandikwe kwenye barua.

Kuanzia Alhamisi alifanya kitu ambacho karakana nzima ilikizungumza. Alikuwa amesimamishwa kazi, hakuruhusiwa kuvuka lango. Lakini lango lenyewe liko barabarani. Kila siku ya kazi, saa moja na dakika arobaini asubuhi, zamu ya kwanza, ambayo tangu siku hiyo ilikuwa ya wenzake, ilipopanga foleni, naye alipanga, kilemba kichwani, mkoba begani. Zamu yake ikifika alipuliza. Mlinzi alisoma sifuri. "Andika," alisema. Mlinzi aliandika. Kisha aligeuka akaenda zake.

Siku ya kwanza vijana wa kukata chuma walimpigia makofi ya kejeli.

"Mama Bia huyo! Leo umekuja mkavu?"

"Mkavu kuliko akili yako," alijibu bila kugeuka. "Na ukimaliza kucheka funga kamba za viatu, utaanguka mbele ya msumeno."

Kijana aliinama kuangalia viatu vyake. Vilikuwa wazi kweli.

Kidole hakucheka wala hakumsalimia. Alikuwa anapita pembeni yake kama anayepita nguzo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama chini ya mizigo ya mwanamke huyu akiwa amempa mgongo, jambo ambalo hamfanyii mwendesha winchi mwingine yeyote. Sasa hakuweza kumtazama usoni. Fomu ingeamua kama Kulabu atabaki na kazi. Lakini hata akibaki, winchi haina maana kama mtu wa chini hataki kusimama.

Jumanne ya tarehe 26 Machi, siku ya kumi na nne, aliitwa ofisini. Walikuwepo meneja wa karakana, afisa usalama, na Kidole, ambaye mwaka huu ni mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kamati. Kulabu aliweka mezani barua ya mfamasia, boksi, na karatasi iliyokunjwa mara nane.

Meneja alisoma barua mara mbili. Ni mtu mpole na hapendi shari.

"Mama, haya mambo yameisha," akasema. "Pole sana. Tia alama hapa, 'Kipimo kina hitilafu.' Kesho uko kibandani, na ule mstari kwenye daftari tunaukata."

"Kipimo hakina hitilafu."

"Ni njia tu ya kumaliza."

"Nikiandika kipimo ni kibovu, wale watatu niliowapa kalamu nao walipimwa na kibovu? Na kesho mlevi wa kweli akipuliza, atasema nini? Atasema hata Kulabu alisema kile kitu hakifai."

"Basi weka cha kwanza."

"Sikutumia kilevi. Nimetibiwa."

"Visanduku ni viwili, mama. Wewe ndiye uliyeviandika."

"Niliandika vibaya. Ongezeni cha tatu."

Afisa usalama, kijana mnyoofu wa chuo, ambaye hutembea na kanuni mfukoni, alisema hawawezi kubadilisha fomu kwa barua moja. Kila mtu ataleta barua. Kulabu akamwambia afungue kanuni ya tisa na aisome kwa sauti. Akaisoma: anayebisha ana haki ya kupimwa tena katika hali ileile aliyopimiwa mwanzo.

"Hiyo maana yake ni baada ya dakika kumi na tano," meneja akasema.

"Haijasema dakika kumi na tano. Imesema hali ileile. Hali yangu ilikuwa ni kutoka kwenye dawa. Jumanne ijayo natundikiwa tena. Njooni na kipimo. Nikisoma sifuri, nitatia alama kisanduku cha kwanza mbele yenu na sitaigusa winchi tena."

Meneja akamwangalia afisa, afisa akaangalia karatasi. Aliyejibu ni Kidole.

"Mimi nitakwenda," alisema. "Nataka nione kwa macho yangu." Meneja akaiweka fomu kando hadi siku hiyo.

Tarehe 2 Aprili, saa tatu na dakika kumi asubuhi, afisa usalama alikaa kwenye benchi la wodi ya dawa, kipimo mapajani, kama mtu aliyeshika yai. Alijipima mwenyewe kwanza: 0.00. Alimpima Kulabu: 0.00. Kidole aliandika zote mbili. Mfuko ukatundikwa.

"Mnawafanya nini wagonjwa wangu?" nesi akauliza.

"Tunawapima ulevi," Kidole akasema, na nesi akadhani ni mzaha.

Saa tatu ni nyingi ukikaa kando ya mtu mnayenuniana. Kidole alihesabu matone. Kulabu alisinzia. Mara moja aliamka akamkuta anamwangalia, akamwambia, "Ukinitazama hivyo nitatoboka," naye akageuza shingo dirishani, lakini si kabla ya kutabasamu kidogo.

Saa saba kasoro robo mfuko uliisha. Kulabu alipuliza. 0.11.

Afisa alibadilisha mrija, akampima tena. 0.11. Akajipima mwenyewe: 0.00. Akakaa.

Kwenye kiti cha jirani palikuwa na mzee aliyetundikiwa dawa hiyohiyo, aliyekuwa amefuatilia kila kitu kimya. Mfuko wake ulikuwa umeisha pia.

"Nami nipe nipulize," akasema.

Alisoma 0.09. Alipoambiwa maana yake, aliinuka nusu kitini.

"Mimi? Miaka ishirini na sita tangu niiache! Nimepigana nayo mpaka nikaishinda, ninyi mnanirudishia kwa mshipa bila hata kuniuliza?" Alimgeukia nesi. "Mwite daktari. Mwite sasa hivi."

Daktari alikuja. Alieleza kwamba kiasi hicho hupotea mwilini ndani ya saa chache na kwamba dawa hiyo kwake ilikuwa ya lazima. Mzee akasema hayo yote anaweza kuyakubali, ila angeyakubali kabla ya sindano, si baada. Daktari aliandika hilo kwenye faili lake.

Saa saba na dakika ishirini, wakati uleule wa lango, Kulabu alisoma 0.08. Saa nane na nusu, 0.02. Saa tisa, sifuri. Kidole aliandika kila namba na wakati wake, akapiga mstari chini kwa rula.

Afisa alikwenda kutafuta mashine ya kunakili. Wakabaki wawili.

"Kwa hiyo siku ile ilikuwamo kweli," Kidole akasema.

"Ilikuwamo."

"Na ungepanda."

"Ningepanda. Nilijisikia vizuri kuliko miezi yote mitano." Akabonyeza plasta ya mkononi. "Sikunywa, kaka. Hilo sitalisaini hata wanikate mkono. Lakini wewe ungekuwa chini, nami ningekuwa juu nacheka na viatu vya mlinzi. Lango lilifanya kazi yake. Hilo nalo sitalikana."

Kidole aliutazama mguu wake wa kushoto, kiatu kilichojazwa pamba mbele.

"Ungeniambia tangu mwanzo kwamba umetoka hospitali."

"Maelezo hayapokelewi langoni."

"Una kichwa kigumu, dada."

"Na hakina nywele. Ndiyo maana unakiona vizuri."

Hapo Kidole alicheka mpaka nesi akaja kuwanyamazisha.

Kamati ilikaa Alhamisi. Fomu sasa ina kisanduku cha tatu, kwa maneno ya Kulabu mwenyewe: "Dawa ya hospitali, kwa barua ya mfamasia. Kipimo ni sahihi. Mhusika hapandi siku ya dawa, wala siku inayofuata kabla ya kupuliza sifuri." Yeye ndiye wa kwanza kutia alama hapo. Siku za dawa zitahesabiwa kuwa siku za matibabu, si utoro. Meneja alijitolea tena kuukata ule mstari wa tano wa ukurasa wa mia moja na nane, ili daftari liwe safi. Kulabu alikataa. Mstari upo hadi leo, haujaguswa.

Ijumaa asubuhi alipanda ngazi arobaini na nane akipumzika mara mbili njiani, jambo ambalo zamani hakulifanya. Mzigo wa kwanza ulikuwa muhimili wa mita tisa. Kidole aliufunga, akausukuma kidogo kwa mkono kuona kama umekaa sawa, akarudi nyuma hatua tatu. Kisha akampa winchi mgongo na kuinua kidole.

Dawa ya tatu atatundikiwa Jumanne ya tarehe 23 Aprili, na siku hiyo winchi itaendeshwa na mtu mwingine. Jumatano, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Kulabu atapanga foleni langoni na kupuliza.